Bangili ya Kuazima

Mgonjwa alikuwa hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi yake, na dawa ilikwisha kupaa. Ndivyo Mwandikadawa, mtambo wa kuandika dawa, alivyofanya kazi katika zahanati moja ya Mbeya, mwaka 2091. Daktari alitaja ugonjwa kwa mdomo. Mtambo ukasoma bangili ya afya mkononi mwa mgonjwa, ukapekua maradhi yake yote tangu kuzaliwa, hali ya figo zake na dawa zinazomdhuru, kisha ukaandika cheti cha dawa juu ya kioo. Kioo kikiwaka chekundu, daktari alisimama akafikiri upya. Kikiwaka kijani, alibandika kidole gumba, na hiyo ndiyo ilikuwa sahihi. Huko bohari mikono ya chuma ilihesabu dawa, na ndege-tumwa, kile kidege kisicho na rubani, akaifikisha mlangoni kwa mwenyewe.

Daktari Ambakisye Mwaisumo aliupenda mtambo huo wala hakuficha. Alipoanza kazi, watu walikufa kwa mwandiko mbaya tu: daktari kaandika hiki, mfamasia kasoma kile. Sasa miaka kumi na moja ilikuwa imepita bila kifo cha aina hiyo. Wagonjwa wenyewe alikwisha kuacha kuwauliza mengi. Wanasahau, wanatia chumvi, wanachanganya dawa ya minyoo na ya kikohozi.

Jumanne asubuhi aliingia Tumpe, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Ilikuwa nimonia. Mwandikadawa akamwandikia dawa ya jamii ya penisilini, kijani tupu.

"Daktari, hiyo si zile kapsuli za rangi mbili?" Tumpe aliuliza.

"Ndizo hizo hizo."

"Mbona kama... ziliwahi kunivimbisha midomo."

"Lini?"

Tumpe aliitazama bangili yake, akaifunika kwa kiganja. "Mwaka juzi. Sikumbuki vizuri."

Daktari akageukia kioo. Mwaka juzi Tumpe hakuwa ameandikiwa hata kidonge cha kichwa.

"Mwanangu, hapa hakuna kitu. Kumbukumbu zako ni safi. Pengine ulikula dagaa wabovu."

"Labda, baba," alisema Tumpe, akashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu kuulizwa zaidi.

Nje walikuwa wakingoja watu arobaini. Daktari akabandika kidole.

Tumpe alimeza kapsuli mbili saa sita mchana. Kufika saa sita na robo koo lilikuwa limevimba, pumzi haipiti. Gari la wagonjwa, lile linalojiendesha lenyewe, lilifika kwa dakika tisa, na halikuwa limechelewa. Tumpe hakuwa na dakika tisa.

Ijumaa, siku moja baada ya maziko, dada yake Subilaga alikuja zahanati. Hakukaa. Alivua bangili yake akaiweka mezani mbele ya daktari.

"Isome," alisema.

Kioo kikawaka chekundu: penisilini, hatari, amevimba midomo na koo, mwaka juzi, zahanati ya Tukuyu.

"Mimi sijawahi kuugua Tukuyu," Subilaga alisema. "Bangili ya Tumpe ilikuwa kwa fundi inatengenezwa, naye Tumpe alikuwa na homa. Nikamvika yangu, akaenda kutibiwa Tukuyu. Kwetu tunaazimana kila kitu, daktari, kanga, viatu, hata bangili. Tukaogopa kusema kwa sababu ni kosa, mtu anafungwa. Huko wakaandika ubaya wa dawa kwa jina langu. Nimemuua mdogo wangu. Mama yuko hapo nje kwenye benchi, hajui. Nimemleta nimwambie mbele yako, peke yangu siwezi."

Daktari Ambakisye aliikumbuka Jumanne. Mwandikadawa hunasa sauti ya daktari tu, na kwenye kumbukumbu ya Jumanne palikuwa na sauti yake ikisema kumbukumbu ni safi, basi. Alichosema Tumpe hakikuandikwa popote. Aliyekisikia ni yeye peke yake duniani, na akinyamaza, mzigo wote ungebaki kichwani mwa mwanamke huyu mpaka kaburini. Alijichukia kwa jinsi nafuu hiyo ilivyomvuta.

"Aliniambia," alisema.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba dawa ile iliwahi kumvimbisha midomo. Alikaa hapo hapo akaniambia kwa mdomo wake. Mimi nikatazama kioo, nikamwambia amekula dagaa."

Daktari alingoja kofi, au tusi, na angeyapokea yote mawili. Lakini mwanamke alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda akaufungua mlango.

"Haya, inuka," alisema. "Tukamwambie mama sote wawili. Wewe ndiye utakayeanza."