Mashine Iliyoitika kwa Jina la Nthiwa

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofika Kiboko na begi langu la laptop. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kampuni moja ya mbegu, karibu na barabara kuu, ilikuwa na kompyuta kubwa zilizopangwa ndani ya kabati la chuma, zikifanya kazi pamoja kama mashine moja. Kila moja ilikuwa na anwani yake, yaani namba ambayo wenzake wanaitambua nayo. Kutwa kucha zinaulizana: uko hapo? Moja ikikosa kujibu, zingine zinachukua kazi yake. Nilitumwa kuzibadilishia anwani zote, halafu nirudi zangu mjini Wote.

Meneja, Bwana Ngure, hakunisalimia.

"Fundi aliyekutangulia alitoroka akaacha viatu," alisema akiingia kwenye gari lake kuondoka. "Wewe Kathini usiniletee hadithi za uchawi. Fanya kazi, uende."

Tulibaki wawili: mimi na mlinzi, mzee Ndululu. Alinifungulia chumba cha mashine. Macho yake hayakunitoka.

Ndani kulikuwa na baridi. Niliunganisha laptop, nikaanza. Moja baada ya nyingine, mashine zikakubali anwani mpya, zikaanza kusemezana. Kisha nikaona kitu.

Anwani moja ya zamani ilikuwa bado inajibu.

Nilikagua mashine zote. Hakuna iliyokuwa nayo. Nikafuata nyaya kwa mkono, waya kwa waya, mpaka nyuma ya kabati. Hakuna. Nikaiita tena kwenye mtandao...

Ikaitika. Haraka kuliko zote.

Nikampigia Ngure simu.

"Ifute," alisema.

"Lakini kuna kitu kinaitumia. Ningetaka kwanza kujua ni nini."

"Nimesema ifute! Ama nitafute fundi mwingine?"

Nikaifuta.

Feni zote zikazimika kwa mpigo mmoja.

Kimya... Halafu harufu. Udongo. Udongo mbichi, kama umechimbwa sasa hivi, ndani ya chumba cha sakafu ya vigae. Na chini ya miguu yangu nikasikia jembe.

Kwaa... kwaa... kwaa...

Feni zikarudi. Kwenye skrini, mashine ya juu kabisa ikaitupa anwani niliyoipa, ikachukua ile niliyofuta. Iliyofuata ikafanya vivyo hivyo. Na nyingine. Kwa kawaida mashine mbili haziwezi kukaa na anwani moja. Hizi zote ziliing'ang'ania, zikisukumana kama watu kwenye mlango mwembamba. Na pale jina la kila mashine linapotokea, likaja neno lile lile, kutoka juu mpaka chini.

NTHIWA.

Nilikimbilia mlango. Ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Mzee! Mzee Ndululu, nifungulie!"

"Umemfukuza." Sauti ilikuwa karibu sana. Alikuwa ameweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Nimemfukuza nani?"

"Kakangu." Alivuta pumzi. "Hapo umesimama palikuwa kaburi lake. Kampuni ilipochukua shamba, Ngure alileta vijana alfajiri wakamfukua. Hata bibi yake, mjane wake, hakuambiwa mifupa ilipelekwa wapi. Na sasa wewe umemfukuza tena."

"Sikujua, mzee. Kwa jina la Yesu, sikujua!"

"Hata yule fundi mwingine alisema hivyo."

Kitu kikanishika kifundo cha mguu. Niliangalia chini, sikuona chochote. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na vidole.

"Mpe mahali," Ndululu alinong'ona. "Mpe mahali, mwiitu, binti yangu, kabla hajakaa ndani yako."

Nilirudi kwenye laptop nikiburuta ule mguu. Nilikosea, nikaanza upya. Nikairudisha ile anwani, nikaifunga kwa mashine moja tu, ya chini kabisa, isiweze kuhama.

Vidole vikalegea.

Mashine zingine zikatulia. Ile ya chini ikaanza kuvuma kivyake, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mlango ukafunguka. Ndululu aliingia, akapiga magoti, akaishika ile mashine kwa viganja viwili. Machozi yalimtiririka.

"Bibi yake alihamia Matiliku," alisema. "Niache nimpeleke."

Ningemkataza vipi? Niliichomoa mwenyewe. Aliifunga ndani ya koti lake akatoka nayo, ameikumbatia kifuani. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka akapotelea kwenye miti.

Haikuwa na stima. Na bado ilikuwa inavuma.

Kesho yake Ngure aliniita mwizi. Nililala ndani kituoni, na kazi nikafutwa. Niliwaeleza polisi ukweli wote. Askari mmoja alicheka. Mwenzake, mtu wa Ikutha, ambako mambo kama haya yanajulikana, hakucheka. Alisogeza kiti chake mbali na mimi.

Ndululu hakuonekana tena Kiboko. Na Ngure, nasikia, siku hizi akiitwa jina lake haitiki. Anasimama kando ya barabara akiwauliza wapita njia wamwambie nyumbani kwake ni wapi.

Mimi nilifungua duka dogo Wote, narekebisha kompyuta za watu. Juzi jioni aliingia mama mmoja mzee, Biblia kwapani.

"Mimi ni Kavindu, bibi ya Nthiwa."

"Karibu, mwaitu, mama yetu." Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Alifika nyumbani," alisema. "Pasta alikuja tukamwombea. Sasa ametulia."

"Bwana asifiwe."

"Lakini huko walikotupa mifupa yake, hakuwa peke yake."

Alitazama kompyuta za wateja kwenye rafu, akizipitia taratibu. Kisha akasogea kando ya mlango, kama mtu anayewapisha wageni.

"Wanauliza kama kwako kuna nafasi."