Jina la Ardith kwenye Ombi Lisilosomwa

Ardith Kucera hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dukani alifunua kila kasha la mayai na kuyakagua moja moja, hata kama foleni nyuma yake ilikuwa inaguna. Fundi bomba akija kwake, alimsimamia mlangoni mpaka amalize kazi. Ndivyo alivyozaliwa, na miaka sitini na minane ya kuishi Nebraska, kati ya mahindi na ng'ombe, haikumbadilisha.

Kila Jumapili baada ya misa, mwanawe Terry na mkewe Janelle walikuja kula kwake. Ardith alipika bata na kabichi chachu, akaoka kolache, vimkate vitamu vyenye tunda katikati. Mwezi wa Mei, Terry akaanza kuja peke yake.

"Mkeo yuko wapi?" Ardith aliuliza.

"Amechoka, mama."

Jumapili iliyofuata akauliza tena. "Bado amechoka?"

"Ana kazi."

"Kazi gani ya Jumapili?"

"Mama, bata anapoa."

Ardith akazidi kushuku. Kwa miaka miwili alihisi kwamba mkamwana wake anamficha jambo. Miaka hiyo miwili nyuma, Janelle alikuwa na mimba kubwa. Yeye na Terry wakasafiri kwenda hospitali ya jimbo jingine, wakarudi bila mimba na bila mtoto. Terry alisema maneno machache tu: "Mtoto asingeweza kuishi, mama. Tafadhali usituulize." Ardith hakuuliza. Lakini kutouliza si kuamini.

Jumapili ya nne alimfuata Terry mpaka kwenye gari na kushika mlango. "Sitauachia mpaka uniambie. Nimemkosea nini mkeo?"

Terry alitazama usukani. "Ulitia saini ile karatasi ya kuzuia utoaji mimba. Siku ile ya karamu ya chapati za maji, kwenye ukumbi wa zimamoto."

"Mimi? Ile ilikuwa karatasi ya kulinda kina mama na watoto."

"Uliisoma?"

Ardith aliuachia mlango.

"Janelle alipewa baada yako," Terry alisema. "Yeye aliisoma. Akaona jina lako mstari wa juu. Anasema sasa anajua unamwonaje."

Ardith aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa kwenye foleni, sahani mkononi. Mwanamume mwenye fulana ya buluu alimjia akitabasamu. "Wewe ndiye mwoka kolache? Nimekula tatu. Mama, wewe ni hazina ya kaunti hii." Alimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Yeye anayekagua mayai alitia saini karatasi aliyopewa bila kusoma hata mstari mmoja. Alijionea haya mpaka masikio yakamwaka.

Jumatatu alikwenda kwa jirani yake, Lumir Vondra. Lumir alikuwa karani wa uchaguzi wa kaunti kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ardith hakuingia ndani. Alisimama mlangoni.

"Kwanza niambie, Lumir. Katika haya mambo ya mimba, wewe uko upande gani?"

"Upande huu wa fensi," Lumir alijibu. "Ingia, nzi wanaingia."

Aliposikia kisa chote, Lumir alitoa karatasi mbili na kuziweka mezani. "Yapo maombi mawili, Ardith. Kila moja likipata saini za kutosha, litapigiwa kura Novemba. Ulitia saini lipi?"

"La kulinda kina mama na watoto."

"Yote mawili yanasema yanalinda kina mama. Tazama hapa juu. Haya ndiyo madhumuni ya ombi. Mkusanyaji wa saini anatakiwa akuambie haya kabla hujatia saini. Na haya maneno mekundu yanasema kama analipwa au anajitolea. Utamu wa mdomo wake hauendi kwenye sheria. Kinachokwenda ni hiki kilichoandikwa."

"Wajanja sana hao. Upande ule wote ni waongo."

"Juzi alikuja mama mwingine hapa analia. Yeye alitia saini ombi lile jingine, akidhani ni hili lako. Ulimi mtamu hauna chama, Ardith. Soma."

Ardith alivaa miwani. Ombi la kwanza, lile alilolitia saini, lilizuia kutoa mimba baada ya miezi mitatu ya mwanzo, isipokuwa mama akiwa hatarini au mimba ikiwa ya kubakwa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Na kama mtoto tumboni ana ugonjwa usiopona? Kama hawezi kuishi kabisa?"

"Umeona maneno hayo popote?"

Alitafuta tena. "Hayapo."

Ndipo alipokumbuka maneno ya Terry: mtoto asingeweza kuishi. Akaelewa safari ya jimbo jingine, ambako sheria iliruhusu, na kwa nini Janelle haji. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa ilikuwa safi.

"Basi imekwisha. Jina limeshaingia."

"Laweza kutoka. Unaandika hati ya kiapo kwamba unaliondoa jina lako. Unaitia saini mbele ya mtu mwenye mhuri wa kuthibitisha viapo. Unaipeleka kwenye ofisi ya uchaguzi kabla maombi hayajawasilishwa. Ukichelewa, ndiyo basi. Mhuri ninao."

Ardith aliisoma hati mara tatu. "Kwa nini hapa umeandika 'kwa hiari yangu'?"

"Nimekulazimisha?"

"Bado nakuangalia." Akatia saini. "Haya, nipe na lile la pili nilitie saini."

"Umelisoma?"

Alilisoma. Lile liliruhusu kutoa mimba mpaka mtoto anapoweza kuishi nje ya tumbo, kwa kauli ya daktari anayemtibu mama. Ardith alikunja uso. "Daktari huyohuyo mmoja ndiye anayeamua? Hapana. Hili nalo sina uhakika nalo."

"Basi usilitie saini," Lumir alisema. "Hakuna anayekukimbiza."

Aliikabidhi hati kwenye ofisi ya uchaguzi, na jioni ile alimpelekea Janelle nakala yake. Janelle aliisoma palepale kizingitini, hata maandishi ya kwenye mhuri.

"Terry ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Hajui kwamba nimekuja."

"Kwa hiyo sasa uko upande wetu?"

Ardith angeweza kudanganya. "Sijui, mwanangu. Nadhani mpaka lazima uwepo. Uwekwe wapi, sijui."

Alingoja mlango ufungwe. Janelle aliuacha wazi.

"Hata mimi sijui," alisema. "Watu wanadhani mimi najua. Ilikuwa wiki ya ishirini na tatu. Fuvu la mtoto halikujifunga. Madaktari watatu walisema atakufa akizaliwa au kabla. Tulichagua mimi na Terry, na wewe nilikuogopa, mama, kwa sababu wewe unakagua kila kitu."

Ardith alikaa kwenye ngazi. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Tulimwita Maren."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mjukuu wake alikuwa na jina. Alilitamka polepole, mara mbili, na Janelle akaketi karibu naye.

Maombi yote mawili yalipata saini za kutosha, na Novemba walikwenda kuyapigia kura kwa gari moja. Kila mmoja alisoma karatasi yake mpaka mwisho. Walipotoka, Janelle hakusema alivyopiga, na Ardith hakumwuliza.