Faiwoli Tatu za Hombolo

Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, Loisi alifungua chumba cha kompyuta na kufuta vumbi mezani. Upepo wa Hombolo hauna adabu, huingia hata dirisha likifungwa. Loisi alikuwa kidato cha kwanza tu, lakini Mwalimu Yotham, aliyefundisha kompyuta, alimkabidhi ufunguo kwa sababu hakuwahi kumdanganya. Muhula huo alimkabidhi na kitu kikubwa zaidi, nywila ya faiwoli.

Faiwoli ni kifaa kinachokaa kati ya intaneti na kompyuta, kikikagua kila kinachotaka kuingia. Shule ilitaka kununua kimoja, na wauzaji watatu walikuwa wameleta vifaa vyao vijaribiwe kwa zamu. Wanafunzi, kama kawaida yao, walivipa majina. Cha kwanza walikiita Mgambo. Kilizuia kila kirusi, lakini kilizuia hata tovuti ya matokeo ya mitihani. Cha pili kilikuwa Bibi Harusi. Kilikuwa rahisi kutumia na hodari wa kuchuja picha chafu, ila kilidai leseni kila mwaka, na leseni ikiisha kinasusa. Cha tatu walikiita Punda. Hakikuwa na mbwembwe. Umeme ulipokatika na kurudi, kiliamka chenyewe kikaendelea na kazi, na muuzaji wake, Bi Naima wa Dodoma mjini, alikuja mwenyewe kila alipoitwa. Shule moja ya Haneti na nyingine ya Mtumba zilisubiri kusikia Hombolo wamechagua kipi, nazo zifuate.

Ijumaa moja, katika zamu ya Punda, Hilda, rafiki yake Loisi, alimjia na ombi. Kwaya yao ilitaka wimbo mpya wa Jumapili, na tovuti yenye wimbo huo ilikuwa imezuiwa.

"Si una nywila wewe?" Hilda alisema. "Ruhusu kidogo tu, halafu funga. Wimbo wa Mungu utakuwa na virusi gani?"

Punda alionya kwa maandishi mekundu. Loisi akaingiza nywila, akaruhusu. Onyo likaja tena, akaruhusu tena. Wimbo ukapakuliwa, na Hilda akaondoka akiuimba.

Jumatatu kompyuta zote zilikutwa zimefungwa na virusi. Kazi za mradi za kidato cha nne, walizozihangaikia tangu mwanzo wa mwaka, hazikufunguka. Waliokuwa na nakala kwenye flashi walipona, lakini wengi hawakuwa nazo. Msichana mmoja alikaa sakafuni akalia kama yuko msibani. Kwa hasira, Mwalimu Yotham alifuta kumbukumbu zote za kifaa cha Bi Naima, akakirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Sasa hakuna aliyeweza kujua kilichotokea, isipokuwa Loisi na Hilda.

"Nyamaza," Hilda alimnong'oneza. "Wameshasema ni kifaa kibovu. Kifaa hakiumii."

Loisi akanyamaza. Lakini kila kona alisikia Bi Naima akiitwa tapeli. Aliona aibu, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Siku mbili baadaye Bi Naima alikuja kuchukua kifaa chake.

"Mwalimu, naomba nijue kosa lake."

"Kimepitisha virusi, Bi Naima. Sina la kuongeza." Mwalimu akamwagiza Loisi ambebee boksi hadi getini.

"Shikamoo, mama," Loisi alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

Karibu na geti Bi Naima alisimama, akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Haneti wamenipigia asubuhi, wamesema nisiwapelekee. Mtumba nao sijui. Duka lenyewe ndiyo kwanza naanza." Kisha akamtazama Loisi. "Wewe ndiye uliyekuwa ukikitunza. Niambie kweli, hakikuonya hata kidogo?"

Angejibu kwamba hakikuonya, boksi lingepakiwa kwenye bodaboda na habari ingeishia hapo.

"Kilionya, mama," alisema. "Kilionya mara mbili. Mimi ndiye niliyekilazimisha."

Bi Naima hakumgombeza. Alichukua boksi, wakarudi ofisini pamoja. Loisi alieleza yote huku machozi yakimtoka. Mwalimu Yotham akanyoosha mkono, na Loisi akamrudishia ufunguo. Halafu mwalimu akapiga simu kwa mwenzake wa Haneti, akampa Loisi.

"Waambie wewe," alisema.

Akawaambia kwamba faiwoli ya Bi Naima haikuwa na kosa.

Majaribio yalirudiwa, safari hii nywila ikikaa kwa mwalimu, na Punda ndiye aliyenunuliwa. Haneti nao wakamwita tena Bi Naima. Kidato cha nne walilazimika kuanza kazi zao upya, na Loisi na Hilda walibaki shuleni kila alasiri kuwasaidia kuchapa. Hawakusemeshwa vizuri, nao hawakulalamika.

Siku kifaa kilipofungwa ukutani, Mwalimu Yotham aliwakusanya wanafunzi.

"Tumelinganisha faiwoli tatu, na kila moja ina uzuri wake," alisema. "Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Zote tatu hukagua kinachoingia kutoka nje. Mwenye nywila hakaguliwi na yeyote, kwa hiyo hana budi kujikagua mwenyewe."

Akawatazama wote, kisha akaongeza kwa upole, "Loisi alichelewa kujikagua. Asingejikagua kabisa, leo tungekuwa tumemharibia mtu jina, na tusingejua."