Vidoa vya Kijani

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti mwaka wa 2009, Nzula aliandamana na shangazi yake Syokau kutoka Uthiru hadi maabara karibu na Westlands. Shangazi alitunza seli, chembe hai zisizoonekana kwa macho, ndani ya kabati la joto.

"Zilitoka kwa mama mmoja aliyefariki kabla nyanya yako hajaanza shule," Shangazi alikuwa amemweleza. "Mpaka leo zinaishi na kuzaana."

Tangu siku hiyo, Nzula alipoingia maabarani alilisalimu kabati kwa sauti ya chini. "Habari ya asubuhi, mama."

Adhuhuri moja, mgao wa umeme ulizima birika na jiko. Jenereta iliendesha maabara pekee. Githeri yao ya mahindi na maharagwe ilikuwa baridi kama mawe, na Shangazi alikuwa ameteremka kupokea mitungi ya gesi. Nzula alitumbukiza kopo la chakula kabatini, akazungusha kitufe kutoka digrii thelathini na saba hadi arobaini na tatu.

Baada ya saa nzima alisikia viatu vya Daktari Daksha, mkuu wa maabara, koridoni. Alichomoa kopo, akarudisha kitufe, akaketi.

Daktari alitazama sahani ya kwanza ya seli kwa hadubini, kisha ya pili, kisha zote.

"Syokau, njoo! Jana zilikuwa safi. Leo hata zile ambazo hazijapewa dawa tunayoijaribu zina vidoa."

Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, aliinama akatazama. "Ni nini kimezitesa?"

"Sijui. Na kama hatujui, hatuwezi kuziamini. Tuzimwagie dawa ya kuua, zote."

Walimruhusu Nzula naye achungulie. Kila seli ilikuwa imejaa vidoa vya kijani, vingi, vimetulia, kama macho ya mtu anayemwangalia bila kupepesa. Alihisi yule mama yuko nyuma yake, anangoja.

Shangazi akafungua chupa ya dawa ya kuua.

"Anti, usimwage! Ni mimi. Nilipasha githeri humo."

"Githeri? Kwenye kabati la seli?" Shangazi alishika kichwa. "Wewe mtoto, utanifutisha kazi!"

Daktari aliziba chupa polepole, akavuta kiti karibu na Nzula. "Uliongeza joto hadi wapi?"

"Arobaini na tatu." Machozi yalimtoka. "Nimemuua?"

"Hapana. Zimeogopa tu. Ndani ya seli kuna protini zisizo na umbo maalum, zimelegea kama nyuzi; tumezitia alama ya kijani ili zionekane. Joto likizidi, hushikana na kukusanya ujumbe wa seli, yaani maagizo yake ya kazi, na kuuhifadhi mpaka hatari ipite. Hivyo ndivyo vidoa ulivyoviona. Joto likikaa sana, huenda vikagandamana visiachane tena."

Chakula kilichoingia humo kilitupwa. Daktari alimgawia Nzula nusu ya chapati yake. Shangazi alisugua kabati lote, kisha akamfunika mtoto kwa sweta yake.

Walitazama tena baada ya saa moja na nusu. Vidoa vilikuwa vimefifia, seli moja baada ya nyingine. Kimoja tu kilibaki, kikimkodolea macho.

"Na hiki, Daktari?"

"Kimechelewa. Tutakingoja."

Shangazi alimshika bega. "Kosa lilikuwa kubwa, Nzula. Lakini ungenyamaza dakika moja zaidi, tungeua kitu kizima kwa sababu ya hofu yako. Ukikosea, sema mapema, wakati bado linarekebishika."

Nzula aliinamia hadubini. "Nisamehe, mama," alinong'ona, na akaendelea kungoja.