Kofia za Bibi Klara

Bibi Klara anafuma kofia za watoto na kuziuza kando ya barabara pale Maganzo. Mjukuu wake Adam alipozaliwa, alimfumia kofia nyekundu. Ilimkaa vizuri. Baada ya wiki chache ikambana.

"Mama, kofia haiingii," alisema Limi, mkwewe.

"Umeifulia maji ya moto, imesinyaa. Nitafuma nyingine."

Akafuma nyingine. Nayo ikabana. Basi uzi ukasingiziwa, na muuza uzi akasemwa weee! Kumbe maskini hakuwa na kosa. Kichwa cha Adam ndicho kilichokuwa kikikua haraka mno.

Majirani wakaanza kunong'ona. Limi akaona aibu. Kila alipokwenda kliniki, hakumvua mtoto kofia. Adam alipimwa uzito, akachomwa chanjo, akarudi nyumbani na kofia yake kichwani.

Siku moja Adam alitapika mfululizo. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Macho yake yakawa yanatazama chini tu. Limi na Bibi Klara wakamkimbiza zahanati. Muuguzi Generosa akamvua kofia. Alizungusha futi kichwani, akagusa utosi. Ulikuwa umevimba.

"Kichwa hiki kimeanza kukua lini?" aliuliza.

"Tangu kofia ya kwanza," alijibu Bibi Klara kwa sauti ndogo.

Generosa aliwaandikia waende hospitali kubwa Mwanza bila kuchelewa. Huko Adam alipewa dawa ya usingizi, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya MRI. Kisha Daktari Kausar, mtaalamu wa picha, akawaita waione.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo meupe ni nini? Ubongo umeoza?"

"Hapana, Bibi. Hayo ni maji. Kila mtu ana vyumba vya maji ndani ya ubongo. Sisi tunaviita ventrikali. Katika picha ya aina hii, maji huonekana meupe. Tazama picha hii ya mtoto mwenye afya. Vyumba vyake ni vyembamba. Sasa tazama vya Adam."

Bibi Klara hajui kusoma, lakini aliona. Vyumba vya Adam vilikuwa vimetanuka na kuusukuma ubongo pembeni.

"Amerogwa?" aliuliza Limi.

"Hajarogwa, mama. Ubongo hutengeneza maji haya kila siku. Yanapita humo, kisha yanaingia kwenye damu. Kwa Adam njia imeziba, hapa. Maji yanaongezeka, hayatoki. Daktari wa upasuaji ataweka mrija mwembamba chini ya ngozi, uyapeleke tumboni."

"Atapona?"

Daktari aligusa picha kwa kidole. "Tunatumaini ataishi. Ila mishipa ya macho imebanwa muda mrefu. Angeletwa mapema..."

Adam alifanyiwa upasuaji. Hatapiki tena. Anakaa, anacheka. Lakini haoni. Bibi Klara akimpitishia uzi mwekundu mbele ya uso, macho hayaufuati. Akimwekea mkononi, Adam huukumbatia na kucheka. Hapo bibi hulia.

"Ng'wana wane, mwanangu, ulikuwa unahitaji daktari, mimi nikakufumia kofia!"

Watu husema majuto ni mjukuu. Bibi Klara hapendi kabisa kuusikia msemo huo.

Mwaka huu jirani yao Mariana alikuja kwenye kofia, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Nipe kubwa zaidi. Ile ya juzi imebana, nadhani nimeifua vibaya."

Bibi Klara aliweka sindano chini. "Sikuuzii."

"Jamani, Bibi! Nimekukosea nini?"

"Mvue mtoto kofia. Twende kwa Generosa sasa hivi."

Aliacha kofia zake barabarani, wala hakugeuka nyuma. Mtoto alipimwa kichwa, kisha akapelekwa Mwanza kupigwa picha. Vyumba vya maji vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kutanuka. Akawekewa mrija mapema.

Juzi Mariana alikuja kushukuru. Bibi Klara alichukua uzi mwekundu, akaupitisha polepole mbele ya mtoto. Macho yakaufuata kulia. Yakaufuata kushoto.

Bibi Klara alicheka kwa sauti, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Adam, aliyekuwa mapajani pake, alikisikia kicheko. Akageuza uso huku na huku, akikitafuta.