Majoho Tisa Meusi

Kila asubuhi, kabla sijavaa hata viatu vya shule, nilitia uzi kwenye sindano kumi na mbili. Sita zilikuwa za uzi mweusi na sita za uzi wa bluu iliyokolea. Nilizichoma kwenye mto mdogo kando ya cherehani ya Baba, nyeusi kushoto, bluu kulia. Kisha nilifungua daftari la vipimo, nikaviandika upya vipimo vya jana kwa tarakimu kubwa, kila moja ukubwa wa yai. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Baada ya hapo ndipo nilipokunywa chai kama muda uliruhusu, na mara nyingi haukuruhusu.

Baba alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kwake. Duka lilikuwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma tuliishi sisi wawili tu, maana Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Mwaka mmoja na nusu uliopita nilimkuta Baba akihangaika na sindano moja. Analamba uzi, anausogeza, unapita pembeni, analamba tena. Nilisimama mlangoni nikamtazama akirudia hivyo mara saba. Aliposikia hatua zangu alicheka kidogo, akaninyooshea ile sindano.

"Macho yamechoka tu," alisema. "Usimwambie mtu, mama. Fundi asiyeona, nani atampa kitambaa chake?"

Niliapa kunyamaza, na siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana.

Tangu hapo macho yake yaliendelea kuchoka, na mimi nikawa macho ya akiba. Nilipima wateja huku Baba amesimama kando akiwaambia wamwache mtoto ajifunze kazi, nao wakanisifu kwa bidii. Shuleni wakanibatiza Futi, kwa sababu mara mbili nilifika darasani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Niliwaacha waniite hivyo, nilikuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Sasa nilikuwa kidato cha mwisho, na darasa zima lilikuwa limeshikwa na homa ya kuondoka. Kwenye pembe ya ubao mtu aliandika idadi ya siku zilizobaki kufika mahafali, na kila asubuhi mwingine aliifuta na kupunguza moja. Wenzangu walishangilia namba ikishuka. Mimi niliepuka kuitazama. Wakati wa mapumziko maongezi yalikuwa yale yale: nani anakwenda chuo gani, nani atakaa bweni, nani atanunuliwa begi la magurudumu. Waliponigeukia mimi nilisema bado naangalia, kisha nikawauliza habari za begi.

Ukweli ni kwamba barua yangu ilikuwa imekwisha kufika. Chuo cha upimaji wa ardhi, safari ya siku mbili kutoka kwetu, kilikuwa kimenipa nafasi. Niliomba mwanzoni mwa mwaka nikiamini sitapata, ndiyo maana niliomba kwa amani kabisa. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya kuthibitisha, yenye mstari wa sahihi ya mzazi. Isiporudi kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, nafasi ingepewa mtu mwingine. Niliitaka nafasi ile kiasi kwamba barua niliisoma chooni, mahali pekee nyumbani penye mlango wa komeo, nikairudia mara nne. Halafu niliikunja nikaificha ndani ya kamusi.

Nilijaribu kutafuta pa kutokea. Nikienda, nani atatia uzi? Nikimwambia Baba, atasema nenda, na mwezi hautaisha kabla hajashona suruali yenye miguu isiyolingana. Nikimwambia mtu mwingine, nitakuwa nimevunja kiapo. Nikibaki, nitakuwa macho ya Baba mpaka nizeeke, na sitapima kitu kikubwa kuliko kiuno cha mteja. Kuna siku nilimchukia Baba kwa ajili ya jambo hili, halafu nikajichukia mimi kwa kumchukia. Kesho yake nilitia uzi kwenye sindano kumi na mbili kama kawaida.

Mwalimu wetu wa darasa tulimwita Dakika Moja, kwa kuwa alikuwa akisema "nipeni dakika moja" kisha anatumia arobaini. Aliniuliza fomu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nimeisahau nyumbani. Mara ya pili nilisema Baba amesafiri, Baba ambaye safari yake ndefu ni ya kwenda sokoni. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu ya wiki ile ya mwisho. Uongo mdogo ulikuwa umeniishia, nikatoa mkubwa.

"Baba amekataa nisiende," nilimwambia nikitazama viatu vyangu. "Anataka nibaki dukani."

Dakika Moja aliniambia tu nirudi darasani, bila hotuba, jambo ambalo hatukulizoea kwake. Nilitoka ofisini nikihisi kama nimemwibia Baba kitu.

Wiki hiyo hiyo Baba alikuwa na kazi kubwa kuliko zote za mwaka: majoho arobaini ya mahafali yetu, ya bluu iliyokolea, rangi ya shule. Thelathini na moja yalikuwa tayari. Kwenye rafu kulikuwa na majora mawili ya kitambaa, moja la bluu kwa ajili ya majoho, na moja jeusi kwa suruali za wahudumu wa hoteli. Mimi ndiye niliyeyapanga, la bluu kulia, jeusi kushoto, na Baba alijua mahali pa kila moja kwa mkono. Jumanne asubuhi nilifagia haraka haraka kwa sababu tulikuwa na mtihani wa majaribio. Niliyashusha majora, nikafagia rafu, nikayarudisha. Nilipofika lango la shule ndipo nilipojiuliza niliyarudisha vipi. Kengele ikalia, nikaacha kujiuliza.

Mtihani ulitushika hadi jioni. Niliporudi nilikuta majoho tisa yametundikwa kwenye waya, yamepigwa pasi vizuri, kola zimekaa sawa. Yote tisa yalikuwa meusi. Baba alikuwa amekaa chini yake na kikombe cha chai, uso umemng'aa.

"Nimeyamaliza yote leo," alisema. "Bila wewe. Unaona? Macho yanaanza kupata nafuu."

Nilifungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Ilikuwa miezi mingi tangu nimwone ameridhika namna ile. Nilisema yamependeza, nikaenda kubandika chungu jikoni, na nilipokuwa nakata vitunguu nilishukuru kuwa na sababu ya kutoa machozi. Nilijiambia nitamwambia kesho nikitoka shule.

Kesho yake nilipotoka shule, Dakika Moja alikuwa amenitangulia. Alisimama katikati ya duka, mkoba begani. Kwenye benchi alikaa fundi viatu, jirani yetu, akingoja kaptula yake itiwe kiraka. Nilimwamkia mwalimu. Aliitikia bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anayatazama majoho.

"Haya tisa ya huku ni ya nani, fundi?" aliuliza.

Baba alimwambia ni ya shule, ndiyo yaliyokamilisha arobaini.

"Lakini haya ni meusi."

"Ni bluu, mwalimu," Baba alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mteja.

Alinyanyuka, akalitoa joho moja kwenye waya, akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Alilisogeza karibu na uso, akaligeuza, akalisogeza tena mpaka likamgusa pua. Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Dakika Moja alidhani ni haya ya fundi aliyekosea, akalainisha sauti. Alisema makosa hutokea na siku bado zipo. Kisha, kwa kuwa aliona amekwisha kufika, akaingia kwenye jambo lililomleta. Alimweleza Baba kwamba nafasi ya chuo si kitu cha kutupa, na kwamba mzazi mwenye busara hamfungii mtoto dukani. Akasema ni wasichana wawili tu waliochaguliwa kwenye chuo kile mwaka huu. Alimsihi afikirie upya kabla ya Ijumaa. Maneno yalikuwa mengi, na kila moja lilinichoma.

Baba alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika lile joho. Ndipo akageuza uso upande aliojua nimesimama.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikataa lini?"

"Hukukataa, Baba," nilijibu. "Sikukuambia. Nilimdanganya mwalimu."

Dakika Moja aliniuliza kwa nini, kwa sauti ambayo darasani huwa inatangulia adhabu. Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi kabisa, lakini halikuwa langu. Kama ningelitoa, ningemvua nguo Baba mbele ya mwalimu na jirani. Nilifunga mdomo. Mwalimu akasema kwamba anasikitika, hakutegemea mwanafunzi kama mimi angemsingizia mzazi wake. Sikujitetea. Machozi yalianza kunitoka, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

"Mwache, mwalimu," Baba alisema. Aliliweka joho juu ya cherehani, akalikunja taratibu. "Huyu anaficha jambo langu. Mimi sioni. Ni mwaka na nusu sasa. Yeye ndiye anayepima, yeye ndiye anayetia uzi, mimi nashona kwa kupapasa. Nilimwapisha asiseme."

Aliyeanza kusema ni fundi viatu.

"Samahani, ndugu yangu," alisema akijikuna kichwa, "hilo mbona tunalijua? Mwezi uliopita ulimpa shikamoo mwanangu wa darasa la nne. Naye mjinga akaitikia marahaba. Tangu siku hiyo nyumbani hatumwezi."

Baba alicheka. Alicheka kwanza, kisha akakaa kitini akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilikwenda nikasimama nyuma yake, nikamshika bega. Dakika Moja alivuta kigoda akakaa mbele yake. Akamwuliza kama anaona kama kuna ukungu, na kama mwanga wa taa unamuumiza. Baba alikubali yote. Mwalimu alisema mama yake mzazi alikuwa hivyo hivyo kabla ya kutibiwa mtoto wa jicho, na kwamba huenda ugonjwa ni huo huo. Zaidi ya hapo aseme daktari wa macho, si yeye. Nadhani hayo ndiyo maongezi yake mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia.

Baba aliagiza niilete fomu. Nilimwambia tusubiri kwanza tujue macho yatapona au la.

"Chuo hakitangoja macho yangu," alisema. "Leta."

Nilitaka kumshika mkono niuweke kwenye mstari. Alikataa. Alisema nimwonyeshe mahali kwa kidole tu, sahihi ataiweka mwenyewe. Ilipanda juu kama inayokwea mlima, ikapita katikati ya sehemu ya muhuri. Dakika Moja aliitia fomu mkobani akasema inatosha.

Majoho tuliyashona upya kwa siku tatu. Fundi viatu alijiteua mkaguzi wa rangi, na kila jora lilipofunguliwa alilitolea hukumu kwa sauti ya hakimu. Yale meusi tuliyafumua, yakawa suruali za wahudumu. Wateja walipata habari. Wawili waliondoa vitambaa vyao, wengine wakasema watangoja. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo kwa mwaka na nusu, na ilipofika ilichukua asubuhi moja tu.

Daktari wa macho alithibitisha ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alimwuliza Baba alikuwa wapi muda wote huo. Upasuaji wa jicho la kwanza ulifanyika wiki moja baada ya mahafali, na siku iliyofuata nilikuwepo muuguzi alipobandua bandeji.

Baba alitazama dirisha. Akatazama kalenda ukutani, akasoma mwezi kwa sauti. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, nikaanza kuona haya.

"Hilo kovu kidevuni," alisema, "umelipata lini?"

Nilimwambia nilianguka kwenye ngazi za shule mwaka jana, nikashonwa nyuzi nne. Siku ile nilimwambia nimekwaruzika tu, akaamini.

Alininyooshea mkono, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwaka mzima," alisema. "Tunakula meza moja, na mimi sijui mwanangu alishonwa." Alilipapasa kovu kwa kidole. "Sikiliza, mama. Mimi ndiye niliyeanza kosa. Nilidhani nalinda kazi yangu, kumbe nilikufungia ndani pamoja nami. Ugonjwa hauoni aibu, unaendelea tu huku watu wakiona haya. Siku nyingine ukimwona umpendaye anaumwa, sema. Hata akikuapisha, hata akikukasirikia, sema kwa mtu anayeweza kusaidia. Na wewe ukibanwa, usitafute uongo wa kukutoa. Uliona ulivyokufikisha."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Akaniachia kidevu, lakini macho hakuyaondoa.

"Kuna nini kingine ambacho sikukiona?" aliuliza.

Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikaanza kumwambia.