Chupa Aliyoisuuza Kandida

Mpunga ukianza kuiva, kazi ya Kandida ni ile ile. Asubuhi anakunywa uji, anambeba mdogo wake Evod mgongoni, wanakwenda shambani, upande wa mto Lumemo, kuamia ndege wasile mpunga. Siku hiyo alisahau dumu la maji. Evod alipolilia kiu, Kandida aliokota chupa tupu ya dawa ya wadudu iliyotupwa shambani, akaisuuza mara moja mtaroni na kumchotea maji. Mama yao, Aurelia, alishakataza kuzigusa chupa zile.

Jua lilipopanda, Evod alilowa jasho, mate yakamchuruzika, akatapika. Kandida alimbeba mbio hadi nyumbani, na mama akawapeleka hospitali.

Huko walimtoboa Evod kidole kupima damu, malaria hakuna. "Ameanza tu ghafla," mama alisema. Kandida aliinama, akawaza: Mama atanifanya nini akijua?

Daktari Rosemery aliingia na wanafunzi wake wa udaktari, wakazunguka kitanda.

"Kifua?" daktari aliuliza.

"Kinakoroma. Nadhani ni nimonia," alijibu Jane, mmoja wa wanafunzi.

"Macho?"

"Mboni zimesinyaa kama tundu la sindano," alisema mwenzake, Masanja.

"Kila mtu kashika kipande chake," daktari alisema. "Mtoto huyu ana kifua, ana macho, ana kwao pia. Vyote ni somo moja. Nani kauliza leo alikuwa wapi?"

Masanja akachuchumaa mbele ya Kandida. "Mdogo wangu, na mimi nimekulia mashambani, kule Malinyi. Leo amekula nini? Amekunywa nini?"

Kandida alimtazama mama. Akamtazama Evod, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi.

"Maji," alinong'ona. "Nilimpa kwa chupa ya dawa ya wadudu."

Mama alishika ukuta.

"Unganisha, Masanja. Haraka," daktari alisema.

"Mboni, mate, jasho, kifua, chupa. Ni sumu, daktari."

Wakamvua Evod nguo, wakamwosha, wakamchoma sindano moja, kisha nyingine. Kandida alisimama pembeni mpaka kile kifua kilipotulia. Jioni Evod aliomba uji.

"Wewe, tukifika nyumbani utanitambua," mama alimwambia Kandida.

"Kwa chupa, mgombeze, mama," daktari alisema. "Kwa kusema alichofanya, mpe mkono. Hawa wanafunzi wangu wanasoma miaka mingi, lakini kipande kikifichwa, hata mimi nakwama." Akamgeukia Kandida. "Ukikosea, mwanangu, usisubiri woga uishe ndipo useme. Sema huku unaogopa, kama ulivyosema leo."